Kabla ya Kuniuzia Miwani, Niulize Kazi Yangu

Nilishuka kwenye matatu katika steji ya Njoro jioni moja, miwani mpya usoni, na ardhi ikanipokea kabla sijaitarajia. Mguu wa kulia ulitua kwa kishindo, goti likauma. Nikasimama kando kuwapisha wengine. Nilipovitupia jicho vibanda vya mboga vilivyokuwa upande wangu wa kushoto bila kugeuza kichwa, nguzo zake zilikuwa zimepinda. Nilipogeuza kichwa zikanyooka. Nilirudia mara tatu, na mara zote tatu nguzo zikapinda na kunyooka.

Nilikuwa nimelipa karibu nusu ya mshahara wangu wa mwezi kwa lenzi za progresivu, zile zisizo na mstari katikati, baada ya kuambiwa dukani mjini kwamba hakuna bora kuzipita. Kwa wiki tatu nilishuka ngazi nikishika ukuta. Nikitaka kusoma, nilinyanyua kidevu mpaka shingo ikauma. Nilianza kuamini kwamba macho yangu yana ugonjwa ambao mpimaji hakuuona.

Macho yalikuwa mazima, na lenzi zenyewe hazikuwa mbovu. Kilichokosekana ni vitu viwili. Tangu nilipoingia dukani hadi nilipotoka, hakuna aliyeniuliza ninafanya kazi gani. Na hakuna aliyeweka rula mbele ya uso wangu fremu ikiwa imekaa puani. Niliulizwa bajeti yangu, nikaonyeshwa lenzi zimepangwa kutoka ya bei ya chini hadi ya bei ya juu, nikachagua iliyokaribia juu nikidhani nimenunua kuona vizuri. Naamini hapo ndipo tunapokosea katika miji yetu. Lenzi haipandi daraja kama kiti cha ndege. Huchaguliwa kwa umbali ambao mikono yako hufanyia kazi, na bei huja baadaye.

Tuanze na jicho lenyewe. Nyuma ya mboni kuna lenzi ya asili, na mtu akiwa mtoto huwa laini kama jeli. Ukisimama ukingoni mwa kreta ya Menengai ukatazama Ziwa Nakuru kule chini, lenzi hiyo hutulia ikawa bapa. Ukirudisha macho kwenye simu iliyo mkononi, misuli midogo hukaza, lenzi ikavimba na kuongeza nguvu. Nguvu hiyo hupimwa kwa dayopta, na hesabu yake haina ugumu: gawanya mita moja kwa umbali wa kitu unachokitazama. Kitabu kilicho sentimita 40 kutoka usoni kinadai dayopta 2.5. Skrini ya kompyuta iliyo sentimita 67 inadai moja na nusu. Dashibodi ya gari inadai kidogo zaidi ya moja. Mtoto wa miaka 10 ana akiba ya zaidi ya dayopta 10, ndiyo maana hulala kifudifudi akisoma kitabu kikikaribia kugusa pua yake, na haoni taabu.

Miaka inavyosonga, lenzi hiyo hukakamaa. Ukifika 40 umebaki na dayopta nne au tano, na hakuna jicho linaloweza kutumia akiba yake yote kutwa nzima bila kuchoka. Ukifika 60 karibu yote imekwisha. Wataalamu huiita presibiopia. Si ugonjwa, haikuletwa na simu wala vitabu, na haimchagui profesa wa Chuo Kikuu cha Egerton ikamwacha mkulima wa viazi kule Mau Narok. Nimewasikia watu wengi wakikataa miwani kwa hofu kwamba macho yatazoea na kuzidi kudhoofika. Hofu hiyo imewanyima watu miaka mingi ya kuona. Lenzi ya jicho hukakamaa kwa kasi yake, uvae miwani au usivae, na anayerudi baada ya miaka miwili akitaka namba kubwa zaidi amerudi kwa sababu amezeeka miaka miwili.

Miwani basi inafanya jambo moja tu: inalipa deni la dayopta ambazo jicho haliwezi tena kuzitoa. Anayeanza hupewa nyongeza ya moja au moja na robo, na kwa miaka mingi itapanda hadi mbili na nusu hivi. Aina zote za lenzi, kuanzia ile ya mkononi mwa mchuuzi hadi ile ya maelfu ya shilingi, zinatofautiana katika swali moja: nyongeza hiyo iwekwe wapi kwenye kioo?

Jibu la kwanza ni kuiweka kila mahali. Hiyo ndiyo miwani ya kusomea ya lenzi moja. Uso wake wote una nguvu ileile, kutoka ukingo hadi ukingo. Inakupa uwanja mpana ulio angavu katika umbali mmoja, na ukiinua macho kutazama mlango, mlango unakuwa ukungu.

Watu huidharau kwa sababu ni rahisi. Mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipokaa asubuhi nzima na jirani yangu anayechagua mbegu za maharagwe. Yeye hukaa kwenye kigoda, ungo mapajani, maharagwe ya rosecoco yamemwagwa mbele yake. Kila punje lazima ipite machoni: iliyokunjamana, iliyopasuka, kijiwe chenye rangi ileile ya maharagwe, na zaidi ya yote ile yenye kitundu cha fukusi, kidogo kama kichwa cha pini. Punje yenye kitundu ikipita, mnunuzi akiiona, gunia zima hushushwa bei. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameanza kumwachia binti yake kazi hiyo, akisema vidole vyake vimekuwa vizito. Siku moja alijaribu miwani ya kusomea ya dada yake, ya namba mbili. "Jirani," aliniambia, "kumbe vidole havikuwa na neno." Ungo haubadilishi umbali. Uko sentimita 40 saa mbili asubuhi na uko sentimita 40 saa sita mchana. Macho yake hutembea kutoka ukingo mmoja wa ungo hadi mwingine, na lenzi moja humpa ungo wote. Ukimvalisha progresivu ya gharama kubwa utakuwa umemwibia nusu ya ungo, na nitaeleza sababu.

Jibu la pili la swali letu lina zaidi ya miaka mia mbili. Katika miaka ya 1780 Benjamin Franklin, yule mwanasiasa na mvumbuzi wa Marekani, alieleza katika barua jinsi alivyokata lenzi zake za mbali na za karibu katikati, akaziunganisha kwenye fremu moja, nusu ya juu ya kutazama watu na nusu ya chini ya kusomea. Hiyo ndiyo baifokali. Siku hizi nusu ya chini huwa kidirisha kidogo chenye umbo la herufi D iliyolazwa, na ukimtazama mzee aliyeivaa utauona ukingo wake. Kidirisha hicho ni kipana na safi, na anayesoma Biblia au daftari la ushirika kwa saa nyingi hufaidi.

Lakini baifokali ina kasoro mbili. Jicho likivuka mstari, kitu hurukaruka, kwa sababu nguvu imebadilika ghafla. Na katikati ya mbali na karibu hakuna kitu. Vitu vilivyo umbali wa mkono ulionyooshwa, kama kompyuta, dashibodi, rafu ya dukani au sufuria iliyo jikoni, haviko juu wala chini. Katika miaka ya 1820 Mwingereza John Isaac Hawkins aliongeza kipande cha tatu katikati, na kukawa na mistari miwili badala ya mmoja.

Sasa progresivu. Anayelima miteremko ya Mau atanielewa haraka. Baifokali ni shamba lililokatwa ngazi: bapa juu, bapa chini, na ukingo katikati unaoweza kukuangusha. Mtu akauliza, kwa nini tusisawazishe ukingo ule, shamba likashuka polepole kutoka juu hadi chini? Owen Aves, Mwingereza, alichukua hataza ya lenzi ya namna hiyo mwaka 1907, ila haikuingia sokoni. Aliyefaulu ni mhandisi Mfaransa Bernard Maitenaz, ambaye lenzi yake, Varilux, ilianza kuuzwa mwaka 1959. Mviringo wa uso wa lenzi hiyo huongezeka kidogokidogo unavyoshuka. Juu unatazama barabara. Ukishusha macho kidogo unakutana na kompyuta. Ukishusha zaidi, kitabu. Hakuna mstari wala kuruka, na kwa nje hakuna anayejua umri wako.

Sehemu ifuatayo sikuwahi kuelezwa na muuzaji yeyote.

Ukisawazisha ukingo wa shamba, udongo uliouondoa lazima uende mahali. Kwenye lenzi, udongo huo humwagwa pembeni. Mwaka 1963 mwanahisabati Mjerumani, Günter Minkwitz, alithibitisha kwa hesabu jambo ambalo mafundi walikuwa wakiliona: nguvu ikiongezeka kwa kasi fulani kushuka katikati ya lenzi, ukungu nao huongezeka kwenda pembeni kwa kasi mara mbili ya hiyo. Hakuna kiwanda kinachoweza kukwepa hesabu hiyo. Kinachobaki angavu ni ujia mwembamba unaoshuka katikati, upana wake milimita chache tu mahali palipo finyu, ukifunguka kidogo kule chini kwenye kusomea. Kulia na kushoto ya ujia kuna maeneo ambayo mistari hupinda na herufi hutandaa. Zile nguzo za vibanda pale steji zilipinda kwa sababu nilizitazama kupitia udongo uliomwagwa.

Kutokana na hesabu hiyo mengine yote yanaeleweka. Nyongeza ikiwa kubwa, mteremko ni mkali na ukungu ni mwingi, ndiyo maana anayeanza progresivu akiwa na miaka 43 na nyongeza ya moja huzoea kwa siku chache, ilhali anayeanza akiwa na 60 na nyongeza ya mbili na nusu huteseka. Fremu ikiwa nyembamba kama zile za mitindo, ama sehemu ya kusomea inakatwa na fundi anapochonga lenzi, ama ujia unafupishwa na mteremko unakuwa mkali zaidi. Kompyuta zinazosaga lenzi siku hizi zinaweza kuamua udongo umwagwe upande gani na kwa unene gani, na kweli lenzi za bei ya juu hufanya kazi hiyo kwa ustadi. Haziwezi kuufuta udongo. Na ndiyo maana nasema jirani yangu wa maharagwe angeibiwa nusu ya ungo: angelazimika kugeuza kichwa kuifuata kila punje, mara elfu kwa asubuhi moja.

Anayevaa progresivu lazima ajifunze kuelekeza pua kwenye kitu anachotaka kukiona. Ukitaka kumwona aliye pembeni, geuza kichwa. Ukitaka kuona ngazi, inamisha kichwa mpaka utazame kwa sehemu ya juu ya lenzi, kwa sababu ukishusha macho tu utakuwa unaitazama ngazi kwa lenzi ya kusomea. Ngazi iko mita moja na nusu kutoka machoni, lenzi hiyo inasubiri kitabu cha sentimita 40. Mguu hukosea. Hili halikuwa kosa la vipimo vyangu. Ndivyo lenzi hizi zilivyo, na maelezo ya dakika moja yangeniokoa wiki tatu za kushika ukuta.

Kidevu changu kilichonyanyuka, hicho kilikuwa kosa la vipimo. Nilikwenda kwa fundi mwingine, mtu mzima mwenye kioo kidogo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni. Hakuniuliza nilinunua wapi. Alizishika lenzi zangu dhidi ya taa, akazigeuzageuza, akaniita. "Mwalimu, njoo uone." Kwenye kila lenzi kulikuwa na alama mbili ndogo mno zilizochongwa kwa leza, kama mkwaruzo wa kucha. Alama hizo ziko kwenye kila lenzi ya progresivu duniani, milimita 34 kutoka moja hadi nyingine, na chini ya ile iliyo upande wa sikio huandikwa nyongeza. Yangu ilikuwa 2.00. Akatia nukta kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila alama, akachukua kadi ya kiwanda cha lenzi zile, akachora msalaba mahali ambapo mboni yangu ilipaswa kukaa. Kisha akanivisha.

"Kaa wima, Mwalimu. Nitazame hapa katikati ya nyusi."

Akaja karibu mpaka nikasikia pumzi yake. Misalaba yote miwili ilikuwa chini ya mboni zangu kwa milimita tano. Ule wa kushoto ulikuwa pia umesogea kuelekea sikioni kwa milimita tatu, kwa sababu pua yangu haiko katikati kabisa ya uso, kama zilivyo pua za watu wengi, na duka lilikuwa limechukua umbali kati ya mboni zangu mbili na kuugawanya kwa mbili. Milimita tano, milimita tatu. Ujia wenyewe una upana wa milimita chache, hivyo jicho langu la kushoto lilikuwa limesimama ukutani, nje ya mlango. Kila nilipotaka kusoma, ilinibidi niinue kidevu ili eneo la kusomea lipande mpaka kwenye jicho.

Alinitengenezea lenzi nyingine, za kiwango cha kati, zenye bei chini ya zile za kwanza. Safari hii alikunja kwanza mikono ya fremu ikakaa vizuri masikioni, akaniacha nitembee kidogo fremu ishuke mahali pake pa kawaida, ndipo akatia nukta kwa kila jicho peke yake. Ilichukua dakika kumi. Kwa siku nne dunia ilitikisika kidogo, ya tano nikasahau kwamba nimevaa kitu. Namba ya macho ilikuwa ileile na nyongeza ilikuwa ileile.

Kwa hiyo naomba msomaji ukiingia dukani kununua progresivu, usikubali kuondoka kabla fremu uliyoichagua haijawekwa usoni mwako na mtu akatia nukta mbele ya kila mboni. Usikubali vipimo vya kukisiwa, hata duka liwe na kapeti na kahawa. Na ukizichukua lenzi, omba uonyeshwe zile alama mbili na msalaba kabla wino haujafutwa.

Swali la kazi ni zito zaidi, na hapa Njoro linaonekana vizuri kuliko mahali pengi. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, tangu katikati ya miaka ya 2000, maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa ili zijaribiwe dhidi ya ugonjwa wa kutu ya shina, hasa ile ya Ug99 iliyotambuliwa kwenye ngano ya Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Mkaguzi hutembea kati ya mistari ya ngano. Hutazama mbali ajue kipande kinaishia wapi, hutazama kibao cha namba kilicho magotini, hushika shina akaliinua karibu akatazama vipele vyenye rangi ya matofali yaliyochomwa, akakadiria vimefunika asilimia ngapi ya shina, halafu akaandika kwenye daftari. Umbali wa aina nne ndani ya nusu dakika, siku nzima, juani. Mtu huyo progresivu ilitengenezwa kwa ajili yake. Vivyo hivyo mwalimu kama mimi anayetazama dawati la nyuma, ubao na daftari, au dereva wa matatu anayetazama barabara, dashibodi na noti anayorudishiwa na kondakta.

Lakini nenda gereji. Fundi amelala chini ya pikapu, mikono juu, nati iko sentimita 35 juu ya uso wake. Sehemu ya kusomea ya progresivu iko chini ya lenzi, na nati iko juu. Atalazimika kukunja shingo nyuma mpaka isiweze tena, na bado hataiona. Fundi wa umeme anayefunga nyaya darini ana shida hiyohiyo, na mhudumu wa duka la dawa anayesoma majina ya dawa kwenye rafu ya juu pia. Kuna baifokali zenye kidirisha juu na kingine chini kwa ajili ya kazi hizo, na kama hazipatikani, miwani ya kusomea ya lenzi moja itamfaa kuliko progresivu ya bei yoyote. Fundi wa kushona ana sindano karibu na kitambaa mbali kidogo, wala hana haja ya kuona mlima akiwa kwenye cherehani. Kwake kuna lenzi za kazi, zinazoanzia mita moja au mbili na kushuka hadi sindano. Mteremko wake ni mpole kwa kuwa umbali wa kuvuka ni mfupi, na ujia wake ni mpana sana.

Na anayetembea shambani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la BMJ uliwafuatilia wazee 606 nchini Australia ambao walizoea kuvaa baifokali au progresivu. Nusu yao walipewa pia miwani ya lenzi moja ya kuona mbali, waivae wanapotoka nje. Kwa wale waliokuwa na mazoea ya kutoka na kutembea, maanguko yalipungua kwa takriban asilimia 40. Kwa wale waliokaa nyumbani zaidi, maanguko ya nje yaliongezeka, pengine kwa kuchanganywa na kubadilisha miwani kila mara. Sisi ni watu wa kutembea. Tunavuka matuta ya viazi na mifereji, tunashuka njia za mawe baada ya mvua. Mzee wa miaka 70 anayekwenda shambani kila siku hastahili kuambiwa tu kwamba progresivu ndiyo ya kisasa.

Nimezungumza sana juu ya dukani, na najua wengi wa wenzangu hapa hawajawahi kuingia duka la miwani. Lakini Nakuru, kaunti yetu, si mahali pasipojulikana kwa wanaotafiti macho. Mwaka 2007 na 2008, timu iliyoongozwa na daktari wa macho Mkenya Wanjiku Mathenge, pamoja na wenzake wa chuo cha afya ya umma cha London, iliwapima watu 4,414 wa umri wa miaka 50 na zaidi katika wilaya ya Nakuru ya wakati huo. Mwaka 2013 daktari Andrew Bastawrous alirudi kuwatafuta watu walewale, na safari hiyo wapimaji walikuwa na programu ya simu iitwayo Peek, inayoonyesha herufi E ikigeuka juu, chini, kulia na kushoto, na anayepimwa anaashiria kwa mkono. Haikuhitaji mtu ajue kusoma. Kipimo kilichoanzia vijijini mwetu sasa kinatumika katika nchi nyingi.

Kujua kusoma ndilo wazo linalotupotosha. Miwani hii inaitwa ya kusomea, basi asiyesoma anaonekana haihitaji. Huko Kongwa, katikati ya Tanzania, watafiti waliwapima wanavijiji wa miaka 40 na zaidi wakachapisha matokeo mwaka 2006: asilimia 61.7 walikuwa na presibiopia, na taabu waliyoieleza ilihusu kuchagua mchele, kupepeta nafaka, kupalilia, kushona na kurekebisha taa. Katika mashamba ya chai ya Assam nchini India, wachumaji 751 wa umri wa miaka 40 na zaidi walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Waliopewa miwani ya karibu walichuma takriban asilimia 22 zaidi ya wasiopewa. Wenzetu wa Kericho, si mbali na hapa, huchuma majani yaleyale kwa macho ya namna ileile. Mwaka 2024 matokeo ya Bangladesh yalionyesha kwamba baada ya miezi minane, mafundi na wafanyakazi wa vijijini waliopewa miwani walikuwa wakipata asilimia 33 zaidi ya wenzao. Hizo hazikuwa progresivu. Zilikuwa miwani za lenzi moja za bei ya chini, zile zinazoning'inizwa kwenye ubao kando ya barabara.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 hawaoni vizuri karibu kwa kukosa tu miwani hiyo. Rwanda iliwafundisha wauguzi wa vituo vya afya kupima macho na kutoa miwani ya kusomea vijijini, bila mtu kusafiri hadi hospitali kubwa. Kwetu afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, na mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walianza kupewa mikoba yenye kipima presha, kipima sukari na kipimajoto. Wanapita kila boma, kutoka Lare hadi Nesuit. Sioni kwa nini mkoba huo usiwe na kadi moja ya herufi E na miwani za moja, moja na nusu, mbili na mbili na nusu. Mhudumu huyohuyo afundishwe kumtuma hospitalini yeyote ambaye miwani haimsaidii, au anayeona vizuri kwa jicho moja tu, kwa sababu mtoto wa jicho na presha ya macho, yaani glakoma, havitibiwi kwa miwani, na mtu anaweza kujinunulia namba kubwa mwaka baada ya mwaka huku glakoma ikimla kimyakimya. Hilo linanitia wasiwasi kila ninapoona ubao wa miwani kando ya barabara, na bado sitaki ubao huo uondolewe. Nataka kipimo kiufikie.

Jirani yangu alipimwa hatimaye, macho yote mawili, na presha ya macho pia. Yuko salama. Namba yake ni mbili na robo, kwa hiyo ile miwani ya dada yake haikuwa mbali sana. Mpimaji alimwuliza kazi yake, naye akafungua mkoba akatoa kiganja cha rosecoco akakimwaga mezani. Mpimaji akasogeza kiti, akashika utepe wa kupimia, akapima kutoka kwenye jicho lake hadi kwenye maharagwe.